Paka mdokozi, mbwa mfukuza kuku

SWALI: Paka wangu anadokoa samaki jikoni hata akiwa ameshiba, na mbwa wetu mdogo anafukuza kuku wa jirani. Nikiwachapa wanatulia siku moja tu. Nifanyeje? – Mama wa Zinga

JIBU: Fimbo iweke kando. Paka hahusishi kipigo na samaki aliyemla saa iliyopita. Anachojifunza ni kukuogopa wewe. Changu wakiletwa kutoka Mlingotini, usiwaache kwenye ungo wakingoja kuparwa. Wafunike kwa kawa, ulikandamize kwa jiwe, na umpe paka matumbo ya kuchemsha kabla hujaanza kupika. Akiambulia patupu kila mara, ataacha.

Kwa mbwa mchanga, kuku anayekimbia ni mchezo mtamu. Mfunge kamba, kuku wapite mbele yake, na akitulia mpe kipande cha nyama papo hapo. La muhimu kuliko yote: wote wawili wachanjwe kichaa cha mbwa, muulize ofisa mifugo wa kata. Wakimng'ata mtoto, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilieni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mnyama ni wenu.