SOMO: WATU WALIOWEKWA KULINDA USAFI WA MJI

Sheria ya usafi ni njema, lakini sheria haina miguu. Haiwezi kuingia uani na kutazama choo. Ni lazima mtu aende. Tujifunze jambo hili kwa habari ya London, Uingereza.

Zamani mji ule uligawanyika katika parokia. Baraza la parokia halikuangalia mambo ya kanisa tu, bali mambo ya mtaa pia.

Mwisho wa mwezi wa 8, mwaka 1854, kolera iliingia parokia ya St James, Westminster. Watu zaidi ya 600 walikufa. Munganga John Snow alitambua kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja katika Broad Street. Tarehe 8 mwezi wa 9 mkono wa pampu uliondolewa.

Mchungaji Henry Whitehead hakusadiki maneno ya Snow kwanza. Lakini alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza. Akapata habari ya mtoto mchanga aliyeharisha akafa. Mama yake alikuwa amemwaga maji ya kufulia nguo za mtoto katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo lile lilichimbuliwa. Lilikuwa karibu na kisima, hata meta 1 haikufika, na matofali yake yalikuwa yameharibika. Uchafu ulipenya mpaka kisimani.

Mwaka 1855 sheria iliagiza mabaraza ya London yaweke munganga wa afya na wakaguzi wa usafi. Mwaka 1856 St James ilimweka Munganga Edwin Lankester. Kazi iligawanywa hivi:

1. Mkaguzi alitembelea nyumba, akatazama vyoo, mifereji na takataka, akaandika aliyoyaona.
2. Munganga aliangalia habari hizo pamoja na hesabu ya wafu, akashauri baraza.
3. Baraza lilimwamuru mwenye nyumba kutengeneza. Akikataa, aliweza kupelekwa mbele ya hakimu.

Lakini kulikuwa na shida. Wakaguzi walikuwa wachache na nyumba nyingi. Tena wajumbe wengine wa baraza walikuwa wenyewe wenye nyumba, wakaogopa gharama. Kwa hiyo mara nyingi ubaya uliandikwa katika daftari, wala haukuondolewa. Sheria ya mwaka 1891 iliagiza wakaguzi wa kutosha, na tangu mwaka 1895 mkaguzi mpya alipaswa kuwa na cheti cha kazi yake.

Hata leo kolera hupita katika maji yaliyochafuliwa na mavi. Mkaguzi akibisha hodi kwako, usimfiche choo chako. Na wewe uliye mzee wa baraza, akikuletea habari ya shimo bovu, usiifunge kitabuni. Mtu mmoja aone, mwingine aamue, mwingine atengeneze. Mmoja akilala, wote wako hatarini.

MAULIZO
1. Uchafu ulifikaje kisimani?
2. Kazi ya mkaguzi ni nini? Na ya baraza?
3. Kwa nini kuandika peke yake hakutoshi?