Somo la 12: Kunakili Fomula katika Lahajedwali

Katika somo lililopita ulijifunza kupima mvua kwa kutumia kipimamvua. Ulijifunza pia kwamba lahajedwali ni programu ya kompyuta inayopanga maneno na namba katika safu na kuzifanyia hesabu. Katika somo hili utatumia vipimo vya mvua kukadiria maji yanayoweza kuvunwa kutoka kwenye paa la shule. Utajifunza pia jinsi ya kuiongoza kompyuta inaponakili fomula, ili isikupe majibu yasiyo sahihi.

Seli na anwani yake

Lahajedwali lina safu wima na safu mlalo. Safu wima hutajwa kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Safu mlalo hutajwa kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Mahali safu hizo zinapokutana pana chumba kidogo kiitwacho seli. Usiichanganye na seli ya viumbe hai uliyojifunza katika somo la mimea. Kila seli ina anwani yake. Kwa mfano, seli iliyo katika safu wima B na safu mlalo ya 4 huitwa B4.

Fomula ni maagizo ya hesabu. Huanza kwa alama ya sawasawa, na alama ya kuzidisha ni nyota. Anwani ya seli ikiandikwa ndani ya fomula huitwa rejeleo, kwa kuwa kompyuta huirejelea seli hiyo ili kusoma namba iliyomo.

Maji ya paa

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita mraba 1 hutoa maji lita 1. Kwa hiyo, ukitaka kujua lita za maji, zidisha milimita za mvua kwa mita mraba za eneo la paa. Eneo la paa hapa ni eneo la ardhi linalofunikwa na paa hilo. Maji kidogo hupotea kwa kuruka na kuvuja. Kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria tu.

Tuseme paa la shule lina eneo la mita mraba 120. Wanafunzi wamepima mvua kwa siku tano na kuandika vipimo vyao hivi:

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| 1 | Eneo la paa | 120 | |
| 2 | | | |
| 3 | Siku | Mvua (mm) | Maji (lita) |
| 4 | Jumatatu | 10 | |
| 5 | Jumanne | 4 | |
| 6 | Jumatano | 0 | |
| 7 | Alhamisi | 15 | |
| 8 | Ijumaa | 6 | |

Jaribio la kwanza

Katika seli C4 andika fomula hii: =B4*B1. Kompyuta itazidisha 10 kwa 120 na kuonyesha 1200. Jibu hili ni sahihi. Sasa nakili fomula hiyo, kisha ibandike katika seli C5 mpaka C8. Chunguza majibu utakayoyapata.

Seli C5 inaonyesha 0, ingawa Jumanne mvua ilinyesha. Seli C6 inaonyesha alama ya kosa. Seli C7 inaonyesha 150, na seli C8 inaonyesha 24. Je, majibu hayo ni sahihi? Zidisha 15 kwa 120 katika daftari lako, nawe utaona kwamba maji ya Alhamisi ni lita 1800.

Kwa nini kompyuta ilikosea?

Bonyeza seli C5 na usome fomula iliyomo. Utaona =B5*B2. Rejeleo B4 limekuwa B5, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini rejeleo B1 nalo limehama, likawa B2. Seli B2 ni tupu, na kompyuta huihesabu seli tupu kuwa sifuri. Katika C6 fomula imekuwa =B6*B3, na B3 ina maneno, wala haina namba. Katika C7 kompyuta imezidisha mvua ya Alhamisi kwa mvua ya Jumatatu!

Ili uelewe sababu, fikiri juu ya darasa lenu. Mwalimu akimwambia kila mwanafunzi, "Mpe daftari lako aliyeketi kushoto kwako," maneno ni yale yale, lakini kila mmoja atampa mtu tofauti. Mwalimu akisema, "Peleka daftari lako kwa mwalimu mkuu," wote watakwenda kwa mtu mmoja, popote walipoketi.

Kompyuta huelewa rejeleo la kawaida kama "aliyeketi kushoto kwako". Katika C4, rejeleo B4 maana yake ni seli moja kushoto. Rejeleo B1 maana yake ni seli moja kushoto, kisha tatu juu. Fomula ikinakiliwa chini, maelekezo hayo hayabadiliki, lakini seli zinazofikiwa hubadilika. Rejeleo la namna hii huitwa rejeleo la kuhama.

Jaribio la pili

Eneo la paa ni moja kwa siku zote. Kwa hiyo twahitaji rejeleo lililo kama "mwalimu mkuu". Ili kulifunga rejeleo lisihame, andika alama ya dola mbele ya herufi na mbele ya namba. Alama hii hapa haihusiani na fedha. Futa fomula za zamani, kisha katika C4 andika: =B4*$B$1

Nakili fomula hii mpaka C8. Sasa utapata 1200, 480, 0, 1800 na 720. Jumla ni lita 4200. Bonyeza kila seli uone kwamba B4 imehama hadi B8, lakini $B$1 imebaki pale pale. Rejeleo la namna hii huitwa rejeleo la kudumu.

Faida yake ni kubwa. Shule ikijenga darasa jingine na eneo la paa likawa mita mraba 150, utabadilisha namba moja tu katika B1. Majibu yote matano yatabadilika yenyewe.

Jihadhari na kosa linalojificha

Katika jaribio la kwanza, alama ya kosa katika C6 ilikuonya. Lakini 150 na 24 ni namba zinazofanana na majibu ya kweli. Mtu asiyehakiki angeweza kuifuta seli yenye kosa, akajumlisha zilizobaki na kupata lita 1374. Shule ingeamini jumla hiyo, ikanunua tangi la lita 2000, na zaidi ya nusu ya maji yangemwagika ardhini. Kiangazi kikifika, wanafunzi wangekosa maji kwa sababu ya alama ya dola iliyosahauliwa. Kompyuta hutii maagizo. Haijui nia yako. Kila unaponakili fomula, chagua seli moja ya mwisho na uihesabu kwa mkono.

Shughuli

Kama shuleni kwenu hakuna kompyuta, chora jedwali la hapo juu katika daftari. Mwenzako aigize kompyuta: umsomee fomula ya C4, naye aandike fomula za C5 mpaka C8. Kisha badilishaneni.

Mambo ya kukumbuka

1. Rejeleo la kuhama hubadilika fomula inaponakiliwa.
2. Rejeleo la kudumu halibadiliki. Huandikwa kwa alama mbili za dola.
3. Namba inayotumiwa na safu zote iandikwe katika seli moja, nayo ifungwe.

Maswali

1. Seli iliyo katika safu wima D na safu mlalo ya 7 huitwaje?
2. Fomula =A2*$E$1 imo katika seli B2. Ikinakiliwa katika B6, itakuwaje?
3. Eneo la paa likiwa mita mraba 150, jumla ya maji ya siku tano itakuwa lita ngapi?
4. Mwanafunzi ameandika =$B$4*$B$1 katika C4 na kuinakili mpaka C8. Ataona jibu gani katika kila seli? Eleza kosa lake.
5. Pima eneo la paa la darasa lako na mvua ya juma moja. Kadiria maji yanayoweza kuvunwa.