UFUTA: KUUPANDA, KUUVUNA NA KUUTUMIA

Mkulima wa Mandawa aupandaye ufuta mara nyingi hulima vizuri, kisha huacha sehemu ya mavuno yake chini shambani. Soma maelezo haya upate kuyaokoa.

1. Shamba. Ufuta hupenda udongo tifutifu wenye kichanga. Usiupande bondeni, kwani maji yakituama mizizi huoza.

2. Kupanda. Panda tangu mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari, ili ufuta ukomae mvua zikiwa zimekwisha. Tumia mbegu safi, kama Lindi 02 au Ziada 94 zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Nyosha mistari kwa kamba, sentimita 50 toka mstari hata mstari. Mbegu ni ndogo, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu ndipo uimwage. Fukia sentimita 2 tu. Ikizama sana haitaota.

3. Kupunguza miche. Baada ya wiki 2 au 3, palilia na kung'oa miche iliyosongana. Acha mmoja kila sentimita 10. Usiionee huruma: iliyobanana hurefuka bila kuzaa.

4. Kuvuna. Hapa ndipo hasara ilipo. Maganda ya ufuta hukomaa kuanzia chini kwenda juu, na yakikauka hupasuka yenyewe. Ukingoja mpaka ya juu yakauke, ya chini yamekwisha kumwaga. Basi kata majani yanapogeuka manjano na kuanguka, maganda ya chini yakianza tu kufunguka. Funga matita madogo, uyasimamishe juu ya turubai, vichwa juu. Yakikauka, yapindue na kuyakung'uta juu ya turubai hilo hilo. Usipigie chini: mchanga ukichanganyika na ufuta hautoki kwa urahisi, na ghalani ufuta mchafu hushusha bei.

5. Kutumia. Usiuze wote. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, tena una protini nyingi. Ukaange kwa moto mdogo, uutwange, uutie katika mboga za majani kama utiavyo karanga. Watoto watengenezee kashata. Ukikamua mafuta, mashudu wape kuku.

Kabla ya kuuza, tenga mbegu ya mwaka ujao, uihifadhi ikiwa kavu.

Ukiwa na shaka, muulize Bwana Shamba wako.