Nani Anaipata Asubuhi Yako?

Somo: Marko 1:32–38

Jioni ile huko Kapernaumu mlango ulijaa wagonjwa, na Yesu akaponya wengi. Kesho yake aliamka kungali giza, akaenda mahali pasipo na watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuata na habari kwamba kila mtu anamuulizia. Angalia alivyojibu: hakurudi kwa umati ule. Alienda miji mingine, kwa sababu alikuwa ameshajua kazi iliyomleta.

Wewe ukiamka, nani anasema nawe kwanza? Wengi wetu tukiwa bado kitandani mkono unatafuta simu. WhatsApp kwanza, halafu Facebook, halafu TikTok. Unasema ni dakika moja tu. Ukiinua macho, chai haijapikwa, mtoto amekuita mara tatu, na maombi utayafanyia ndani ya matatu.

1. Simu haisemi imetosha. Video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Kampuni hizo hulipwa kwa matangazo, kwa hivyo ukikaa sana ndivyo zinavyopata. Mpaka utauweka wewe.

2. Moyo ndio unaoumia. Unaona harusi, ploti, gari jipya. Nani huposti deni la karo? Unapima jikoni kwako kwa sebule ya mwenzako, na shukrani inakauka pole pole.

3. Kupunguza kunasaidia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti wa wanafunzi 143. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Lingine lilipewa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao: Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu, waliopunguza walikuwa na upweke kidogo na huzuni kidogo kuliko wenzao. Hofu ya kupitwa na mambo ilipungua katika makundi yote mawili, pengine kwa sababu wote walikuwa wakifuatilia matumizi yao. Ona basi: hawakuambiwa watupe simu. Waliwekewa kipimo.

Tufanye nini wiki hii?

• Simu ilale sebuleni. Kama ndiyo inayokuamsha, nunua saa ya kengele.
• Neno na maombi kabla ya kuwasha data.
• Zima milio ya makundi. Mwenye shida ya haraka atapiga simu.
• Kila jioni angalia kwenye mipangilio ya simu umetumia saa ngapi, uandike kwa daftari.
• Wakati uliookoa, mpe mtu. Mtembelee mgonjwa, au keti na watoto mezani bila simu, baba na mama pia.

Na kama huzuni haiondoki hata baada ya kupunguza, usijifiche. Ongea na mchungaji, na uende hospitali pia. Kutafuta matibabu si kukosa imani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Yesu angerudi kwa umati ule, ni miji gani ingekosa kusikia?
2. Ni nani nyumbani kwako anayekungoja uweke simu chini?

Tuombe: Bwana, tufundishe kukusikia wewe kwanza, kabla watu hawajatuita. Amina.