Simu za Ofisi kwa Intaneti: Mambo ya Kujua Kabla Hujahama

Je, wateja wako hulalamika kwamba kila wakipiga, simu inatumika? Biashara nyingi ndogo huanza na laini moja: ya kupokea oda, ya kupigia wasambazaji na ya kupokea pesa. Biashara ikikua, laini hiyo inalemewa. Suluhisho moja ni simu ya ofisi inayotumia intaneti.

Inafanyaje kazi?

Sauti yako hugeuzwa kuwa data, ikapitia kwenye intaneti, kisha ikawa sauti tena upande wa pili. Tuseme una duka la hardware pale Thika. Mteja anapiga nambari moja na kusikia: bonyeza 1 kwa mauzo, 2 kwa usafirishaji, 3 kwa malipo. Akibonyeza 2, simu inalia kwa dereva hata akiwa barabarani, mradi ana programu na bando. Wahudumu watatu wanaweza kuongea na wateja watatu kwa wakati mmoja.

Angalia haya kwanza

1. Intaneti. Simu moja ya sauti safi huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Simu tano kwa pamoja ni kama nusu megabiti kila upande. Si nyingi, lakini mtandao ukiyumba sauti inakatika.

2. Stima. Stima ikipotea, rauta inazima na simu za ofisi zinazima nayo. Weka betri ya akiba, au panga simu zielekezwe kwenye laini ya kawaida.

3. Nenosiri. Wezi wakipata nenosiri la akaunti yako, wanaweza kupiga simu za ng'ambo usiku kucha na bili ije kwako. Tumia nenosiri refu, na kama huna wateja nje ya nchi, omba simu za kimataifa zifungwe.

4. Kurekodi. Ukirekodi simu, mjulishe mteja mwanzoni. Sauti yake ni data ya kibinafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda.

Laini ya pesa usiitupe

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Nambari ya simu ya intaneti ni ya kuongea. Pesa kwa simu imefungwa kwenye laini yako ya SIM, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ya till huja kwenye laini uliyosajili. Iache hai, na ibaki mikononi mwa mtu unayemwamini.

Nambari inayoonekana si ushahidi

Teknolojia hii hii inaweza kutumiwa na matapeli kubadilisha nambari inayoonekana kwenye skrini yako. Kwa hivyo, hata nambari ikifanana na ya huduma kwa wateja, usimpe mtu yeyote PIN wala nambari ya siri uliyotumiwa kwa SMS. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe nambari rasmi unayoijua. Mfundishe kila mhudumu wako hivyo, hasa yule wa kubonyeza 3.

Ukiwa tayari, anza na watu wawili kwa wiki moja. Sauti ikiwa safi hata saa za kazi nyingi, ongeza wengine.