Kipima pH cha Nyumbani: Namba Huaminika Ikihakikiwa

Nchini Tanzania, mizani ya duka la nyama hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Kipima pH ulichonunua kwa ajili ya bwawa la samaki, bustani au jiko hakina wakala: mkaguzi ni wewe. Ukiifanya kazi hiyo, hata kifaa cha bei nafuu kitakufaa. Usipoifanya, hata cha bei ghali kitakudanganya.

pH huonyesha kiasi cha asidi au alkali kwenye kimiminika. Skeli ya kawaida huanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Ilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen. Kila hatua moja ni mara kumi: kimiminika chenye pH 5 kina ukali wa asidi mara kumi ya chenye pH 6. Ndiyo maana kosa la nusu hatua si dogo. Ni zaidi ya mara tatu.

Je, unakihitaji?

Anayetaka kujua hali ya udongo wa shamba mara moja kwa msimu, apeleke sampuli maabara. Kipima pH kinamfaa anayepima mara kwa mara. Mfugaji wa sato hutaka maji yabaki kati ya 6.5 na 9, na apime alfajiri na jioni, kwa sababu mwani hutumia kaboni dayoksaidi mchana na kupandisha pH. Mkulima wa mboga zisizotumia udongo hulenga 5.5 hadi 6.5. Mtengenezaji wa achari anayeweka bidhaa yake kwenye chupa zilizofungwa lazima awe chini ya 4.6, maana juu ya hapo bakteria wa sumu ya botulinamu wanaweza kukua.

Kwa maji ya kunywa, usikipe kifaa hiki kazi isiyo yake. Hakioni vijidudu. Hakioni pia floraidi, tatizo linalojulikana sana Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Maji yenye pH 7 yanaweza kuwa mabaya kabisa.

Unapochagua

Vile vijiti vya kuchomeka udongoni visivyo na betri viache dukani. Namba zake si za kutegemewa. Kwa nyumbani, kipima cha umbo la kalamu kinatosha. Muulize muuzaji mambo manne.

Kwanza, usahihi ni kiasi gani? Kioo kinachoonyesha 6.83 kinaweza kuwa na kosa la 0.1 juu au chini, hivyo tarakimu ya mwisho ikawa pambo tu. Pili, kinarekebisha joto chenyewe? Kipimo hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Tatu, kinahakikiwa kwa pointi mbili au moja? Chagua mbili. Nne, ncha yake inabadilishwa? Ncha huchakaa kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hadi miwili hata kwa matunzo mema, na kununua ncha peke yake kunaweza kukuokolea gharama.

Kuhakiki

Utahitaji bafa, yaani myeyusho ambao pH yake inajulikana. Nyingi huuzwa kama unga kwenye pakiti ndogo, wa kuyeyusha katika maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari (si asidi ya betri!). Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Soma pia maelekezo ya kifaa: kuna vinavyotambua bafa ya 6.86 na vingine 7.00, na ukizichanganya umeanza na kosa.

Suuza ncha kwa maji hayohayo, kausha kwa kuigusisha karatasi laini bila kusugua, kisha itumbukize kwenye bafa ya katikati. Subiri namba itulie, ndipo urekebishe. Suuza tena, halafu tumia bafa ya pili iliyo upande wa unachopima: 4 kwa achari na mtindi, 9 au 10 kwa maji ya bwawa yenye alkali. Bafa iliyotumika imwage, usiirudishe chupani. Ya 10 huharibika haraka zaidi, kwani hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kushuka.

Anayepima kila siku ahakiki angalau mara moja kwa wiki. Anayepima mara chache ahakiki kila anapokishika.

Kutunza

Moyo wa kifaa ni kigololi cha kioo chembamba kilicho nchani, na adui yake ni ukavu. Weka matone ya myeyusho wa kuhifadhia, ambao kwa kawaida ni potasiamu kloridi, ndani ya kifuniko. Ukiukosa, bafa ya 4 itakusaidia kwa muda. Usiihifadhi ncha ndani ya maji yaliyokenekwa: ni ya kusuuzia tu, na ikikaa humo hupoteza chumvi zake.

Chembe nyeupe kuzunguka kifuniko si ubovu. Ni chumvi iliyokauka, isuuze. Mafuta yaondoe kwa maji ya sabuni laini, na chokaa ya maji magumu kwa siki iliyozimuliwa. Baada ya kupima maziwa au mtindi, safisha papo hapo, kabla utando haujaganda.

Ncha iliyokauka iloweke usiku kucha kwenye myeyusho wa kuhifadhia, kisha uhakiki upya. Ikiwa namba bado inatangatanga, au ncha inasoma karibu sawa katika bafa ya 4 na ya 7, imekufa. Ibadilishe.

Kwa hiyo unapopanga bajeti, usihesabu kifaa peke yake. Nunua siku hiyohiyo bafa mbili, chupa ya maji yaliyokenekwa na myeyusho wa kuhifadhia. Fedha isipotosha vyote, chukua kipima cha bei ya chini kidogo, lakini bafa usiziache.