Kwa nini simu hazitoki usiku wa mwaka mpya?

SWALI: Saa sita usiku wa mwaka mpya simu yangu huonyesha mtandao mzuri, lakini nikipiga haitoki. Kwani kampuni hazijui watu wangapi watapiga?

JIBU: Hukadiria, na hukadiria vizuri sana. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kuwa simu zinazopigwa bila mpango hufuata kanuni ya uwezekano ya Poisson. Mwaka 1917 akatoa fomula ya kukokotoa uwezekano wa mpigaji kukosa njia, yaani nafasi ya kubeba simu moja. Wahandisi wa minara bado wanaitumia.

Tuseme kila mteja huongea dakika 2 kwa saa, nasi tunakubali simu 2 kati ya 100 zikwame. Njia 10 zitatosha watu 150 hivi. Njia 20 je? Si 300, ni karibu 395! Kadiri njia zinavyochangiwa na wengi, ndivyo sehemu inayokaa bure inavyopungua.

Ila fomula hudhani kila mtu hupiga kwa wakati wake. Usiku ule dhana hiyo huvunjika, maana wote hupiga kwa pamoja na njia hujaa, hata kama mtandao ni mzuri. Basi wapigie wazazi saa tano na nusu.